Akwariomu ya mto kwa loshi: namna ya kupanga filtri na mwendo wa maji, hatua kwa hatua

Karibu kila juma kuko mutu ananionesha picha mu telefone yake: akwariomu inaangaza, mawe mazuri, pompi mbili tena za nguvu, na samaki zake, loshi, zote zimekufa. Ninamuuliza, maji inaingilia wapi na inatokea wapi? Ananyamaza. Shida iko pale. Ile maji inazunguka tu kama sombe mu chungu, inapiga kelele, inafanya povu, lakini haiendi popote, na uchafu wote unajificha nyuma ya mawe mahali sponji haiwezi kuuvuta.

Nguvu peke yake haifanye mto. Mto iko na upande. Ukisimama Bukavu, pale muto Ruzizi inatokea mu ziwa Kivu, utaona maji yote inaelekea upande moja, kila jiwe iko na mbele na mugongo, na samaki inajua mahali pa kuweka kichwa. Tunatafuta kitu kile kile ndani ya kioo: maji ianzie upande moja, ipite juu ya mawe, ifike mwisho, ipite mu sponji, kisha irudilie chini mu tiyo hadi kwenye pompi. Filtri na mwendo wa maji ni kazi moja, usizipange kama vitu viwili.

Ninaongea juu ya loshi za mutoni, zile za tumbo bapa zenye zinashika jiwe, kama vile Sewellia lineolata ya Vietnam ao Beaufortia ya China. Ila mupango huu unafaa pia kwa samaki zetu za maji ya mbio, kwa mufano Chiloglanis, zile ndogo zenye mudomo kama ventuzi. Kuko hata moja inaitwa Chiloglanis ruziziensis, jina yake imetoka pa muto wetu.

## Vitu vya kutafuta mbele ya kuanza

Usianze kukata hata tiyo moja kama vitu havijatimia. Wengi wanaanza na nusu, wanabahatisha, kisha wanarudilia yote.

- Akwariomu ndefu, siyo ya kwenda juu. Yangu iko sentimita 100 kwa 40 kwa 40. Maji ikifika sentimita 35, ukitosha nafasi ya mawe, inabakia karibu litri 120. Mahesabu yote ya hapa chini ni ya ile.
- Pompi 2 za kuzama mu maji, kila moja litri 1,000 kwa saa.
- Tiyo ya PVC ya milimita 32, mita 3. Kude 4 (vipande vya kukunja tiyo pa kona). Bushoni 2 (vifuniko vya mwisho wa tiyo).
- Vipande 2 vya mupira laini vya kuunga mudomo wa pompi wenye unavuta maji na tiyo.
- Sponji 2 za matundu makubwa, unene karibu sentimita 10, urefu 20.
- Mawe ya mutoni ya kuviringa na vijiwe vidogo vya milimita 3 hadi 5.
- Pompi ndogo ya hewa ya USB, na powerbank ao batri ya sola.
- Termometa, na testi ya amonia na nitriti, zile sumu zenye zinatoka mu uchafu wa samaki.
- Regilateri ya kuran.

Tiyo, kude na bushoni utazipata mu kenkayeri yoyote ya Kadutu. Nenda na pompi yako mu mufuko, ujaribishie palepale kama mupira unaingia. Watakusukumia tiyo ya 20 juu ni bei chini. Kataa. Tiyo ya 20 inanyonga pompi, maji inatoka kidogo hata kama kwenye karto wameandika litri 1,000. Ya 25 inaweza kuenda kama hauna namna. Ya 32 njo yenyewe.

Sponji usikate mu matela na usikamate ile ya kusafishia sahani. Zingine zinatiwaka dawa ya kuzuia moto ao ya kuua mikrobi, na mikrobi njo tunataka ziishi mule.

## Hatua ya 1: ujue maji yako

Hapa watu wa Bukavu na wa Goma wanaachana njia.

Kama uko Goma na robine yako inaleta maji ya ziwa, jua maji ya Kivu iko na chumvichumvi nyingi na pH yake (kipimo cha asidi ya maji, 7 ni katikati) inafika karibu 9. Loshi hizi zinapenda kati ya 6.5 na 7.5. Ubaya mukubwa ni amonia: kwenye pH 7 karibu yote iko mu hali isiyo kali kwa samaki, lakini kwenye pH 9, mu maji ya digri zetu, karibu sehemu moja juu ya tatu inakuwa sumu yenyewe. Kosa dogo la chakula lenye halitaua samaki za mutu wa maji ya pH 7, kwako linaua. Kwa hiyo chota maji ya mvua, acha mvua isafishe mabati dakika kumi za kwanza, kisha ukinge, uchanganye na ya robine hadi pH ishuke pa 7.5 ao karibu na pale.

Bukavu shida yetu ni kitu kimoja tu: ile klori. Jaza mabido, acha wazi saa 24, klori inaruka. Usimwage maji ya robine moja kwa moja mu akwariomu, hata bido moja, utaua bakteria za sponji mbele ya samaki.

Kuhusu baridi, tuko na bahati. Loshi zinataka digri 20 hadi 24, na ndani ya nyumba zetu maji inakaa mule bila kifaa cha kupasha. Lakini kuko deni tunalipa: tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa iko nyepesi. Maji ya digri 22 kando ya bahari inaweza kubeba karibu miligramu 8.7 za oksijeni kwa litri, hapa kwetu inafika karibu 7.3 tu. Ni juu ya ile mwongozo wa watu wa Ulaya ukisema "inatosha", kwetu uongeze kidogo.

## Hatua ya 2: kata tiyo, panga njia mbili zisizokutana

Tutafanya njia mbili, kila pompi na yake. Njia moja iko hivi: tiyo inasimama upande wa kushoto chini ya pompi, inafika chini, kude, inalala chini ya mawe hadi upande wa kuume, kude ingine, inasimama tena, na pale juu yake sponji.

Kwa akwariomu ya mita moja, kata kwa kila njia: ya kusimama kushoto sentimita 25 kwa pompi ya juu, fupi zaidi kwa ile ya katikati (utaona mu Hatua ya 6), ya kulala 85, ya kusimama kuume 20. Pima mara mbili na vipande kavu ndani ya kioo mbele ya kukata, juu kude inaongeza sentimita zake.

Wengi wanaunga hizi njia mbili na te (kipande cha kuunga tiyo tatu) katikati, wanasema kama pompi moja inakufa ingine itasaidia. Mimi ninakataa, na nitaeleza: pompi moja ikisimama, ile yenye inatembea itavuta maji kupitia pompi iliyokufa, juu kule hakuna sponji ya kuipinga. Maji itazunguka kati ya pompi mbili, sponji zitalala, na wewe utaona maji inatembea, utafikiri yote iko sawa. Ziache kila moja na njia yake.

Kole usitie. Kila kitu kiko ndani ya maji, tone ikivuja pa kude haina shida, na siku utataka kufungua kusafisha utashukuru. Sukuma kwa nguvu tu na mukono.

Umefaulu ukiinua njia nzima na mukono moja na haiachane.

## Hatua ya 3: toboa matundu ya kuvutia maji

Ile tiyo ya kusimama upande wa kuume, sentimita 20, itafungwa juu na bushoni, na maji itaingilia pa matundu. Matundu ya milimita 6, kuanzia sentimita 4 juu ya kude kupanda.

Ngapi? Tundu moja ya milimita 6 ni ndogo sana, inaomba karibu 22 ndiyo zitoshane na upana wa ndani ya tiyo ya 32. Toboa 50. Matundu ikiwa kidogo, maji inavutwa mbio pa mahali pamoja, sponji inaziba pale na pengine inabaki mupya kabisa. Ikiwa mingi, sponji nzima inakula pamoja.

Toboa na perese. Kama hauna, mupe fundi wa mbao atakufanyia dakika kumi. Musumari wa moto ni hatari, ule moshi wa PVC ni sumu, na usijaribu kabisa ndani ya nyumba kwenye watoto wanalala.

Kisha kamata kisu, kwangua mabaki yote pa kila tundu, osha na maji ya moto kidogo. Kipande kimoja cha plastiki kikiingia mu pompi kinasimamisha ile helisi, kipande chenye kinazunguka ndani.

## Hatua ya 4: sponji

Hapa njo wengi wanaangukiaka. Wananunua sponji laini ya matundu madogo juu inaonekana inashika uchafu vizuri. Ni kweli, inashika, siku nne, kisha inaziba, pompi inabaki kuvuta bure, mwendo wa maji unalegea, samaki zinapanda juu kutafuta hewa. Chagua ile yenye matundu unayaona na macho, ukiweka mudomo na kupuliza, hewa inapita upande wa pili bila kusukuma sana.

Toboa katikati tundu dogo kuliko tiyo, isukume kwa nguvu hadi chini ya tundu la mwisho. Ikicheza, maji mingi itapita pembeni bila kusafishwa.

Kazi ya sponji siyo tu kukamata uchafu. Ndani yake bakteria zinajenga, hizo njo zinageuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Ukitazama karibu sponji ya miezi mitatu, utaona rangi ya kahawa imeingia hadi ndani, na ukiinusa inanuka udongo wa mvua. Ile harufu ni uzima. Ikinuka yai bovu, maji haipite.

## Hatua ya 5: ingiza yote, kisha mawe, kisha vijiwe

Utaratibu ule ule, usigeuze. Tiyo kwanza. Kisha mawe makubwa yakae moja kwa moja chini ya akwariomu juu ya kipande chembamba cha plastiki laini. Vijiwe mwisho. Ukiweka vijiwe kwanza na mawe juu, siku samaki ao maji itachimba, jiwe itaanguka na kupasua kioo.

Akwariomu hii ikijaa inapita kilo 150, hesabu na mawe inaweza kukaribia 200. Kameza ya televizio haiwezi.

Mawe ya lava ya Goma, yale ya kusugulia miguu, acha. Yako na meno, na loshi inatembea na tumbo. Tafuta jiwe la mutoni lenye ukilipapasa na shavu halikukwaruze. Tia tone ya vinegre juu yake, ikitoa povu ni la chokaa, litapandisha pH, lirudishe.

Panga makubwa upande wa kushoto karibu na pompi, mapana na ya kulala. Acha njia katikati. Upande wa sponji weka kidogo, ili uchafu ufike bila kukwama.

## Hatua ya 6: pompi na kuran

Pompi mbili zinakaa upande wa kushoto na zote zinatazama kuume. Moja mudomo wake wenye unarusha maji uko sentimita 3 chini ya uso wa maji, ingine katikati ya kimo. Ile ya juu inavunja uso na kuingiza oksijeni, ya katikati inapitisha maji kati ya mawe. Hata siku moja usizitazamishe. Maji ya mbili ikikutana katikati inakufa pale, uchafu unaanguka pale.

Hesabu: litri 2,000 kwa saa juu ya litri 120 ni karibu mara 17 kwenye karatasi. Tiyo na sponji zinakula kidogo, hesabu pengine 12. Inatosha vizuri. Loshi hizi zinataka mara 10 hadi 20.

Kuran yetu munaijua. Inashuka, pompi inashindwa kuzunguka, inapata moto. Regilateri siyo anasa. Waya wa pompi uache unaning'inia chini ya prize kisha upande, ili tone ya maji inayofuata waya ianguke chini na isiingie mu prize. Na tosha prize kila mara mbele ya kuingiza mukono mu maji. Kila mara.

Uzuri moja ya mupango huu: tiyo zote ziko ndani, kuran ikikatika hakuna maji itamwagika mu salon.

## Hatua ya 7: jaribu mwendo

Washa. Tupa majani makavu ya chai, kidogo tu, pa pompi. Hesabu: jani likikata mita moja kati ya sekunde 5 na 10, uko muzuri. Langu linachukua 7.

Sasa tazama pa chini. Tia chakula kidogo cha unga kati ya mawe, ufuate. Inapaswa kuburutwa, isimame kidogo mugongoni mwa jiwe, iendelee, ifike pa sponji. Ikibaki mahali inazunguka hadi mwisho, pale iko mufuko wa uchafu. Sogeza jiwe, siyo pompi. Mimi nilipoteza siku mbili nzima kwa kusogeza mawe tu, na zile siku mbili zimeniokolea miezi.

Migongo ya mawe yenye maji polepole usiimalize yote. Samaki inataka mahali pa kupumzika.

## Hatua ya 8: ukomaze filtri, juma 4 hadi 8

Nisikilize hapa kuliko pengine pote. Mwenye aliniuzia loshi zangu za kwanza aliniambia maji ikikaa usiku moja inatosha. Niliweka sita. Siku ya nane nilizika ya mwisho, na maji ilikuwa nyeupe kama kioo. Amonia haina rangi.

Acha pompi zitembee mchana na usiku bila samaki. Tia kila siku chakula kidogo, kama vile ungelisha samaki mbili, kioze pale. Amonia itapanda, kisha nitriti itapanda, kisha vyote vitashuka. Mu maji yetu ya baridi bakteria zinakua polepole, usishangae juma ya sita. Kama rafiki iko na sponji ya zamani, ikamulie mu maji yako juu ya sponji zako, utapunguza majuma.

Wakati ule ule washa taa saa 10 hadi 12 kwa siku. Mawe yatageuka kahawa kisha kijani. Usisugue! Ule utelezi njo chakula cha loshi, zinaupalilia siku nzima na mudomo. Loshi ikiingia mu mawe safi inakonda mbele yako hata ukitia chakula cha duka.

Umefaulu: amonia 0, nitriti 0, siku saba zikifuatana, na jiwe linateleza chini ya kidole.

## Hatua ya 9: samaki

Ingiza tatu kwanza, subiri juma mbili, kisha tatu. Mufuko uelee dakika 20, uongeze maji ya akwariomu kidogo kidogo, samaki iingie na kinyavu, maji ya mufuko umwage inje.

Funika juu pote, hata tundu la waya. Loshi zinapanda kioo chenye unyevu na zinatoka.

Zikiwa sawa utaziona zimegeukia pompi, kichwa mbele, zinapanda jiwe kwa kuruka kidogo kidogo, mapezi yametandikwa kama sahani. Zikijipanga zote juu kando ya uso na zinapumua mbio, oksijeni ao amonia. Pima palepale, badilisha robo ya maji.

Samaki ukichoka nazo, mupe mutu mwingine. Usizimwage mu ziwa wala mu Ruzizi. Zile za kwetu ziko na shida za kutosha.

## Hatua ya 10: siku kuran imekatika

Haitakuwa "kama", itakuwa lini. Pompi ya hewa ya USB inakula wati 1 ao 2, powerbank ya mAh 20,000 inaivusha usiku muzima na zaidi. Jiwe ya hewa, kile kijiwe cha matundu cha mwisho wa mupira wa pompi ya hewa, liweke chini ya sponji moja, vile vifurushi vya hewa vinapita kando yake na bakteria zinapata oksijeni. Usitie chakula hadi kuran irudi.

Ikirudi, usiende kulala. Weka kidole mbele ya kila pompi, usikie maji. Mara mingi moja inabaki inaunguruma tu juu hewa imeingia ndani. Tosha prize, itikise ndani ya maji, hewa itoke, rudisha. Kama giza ilipita saa sita bila hewa, kamua sponji inje mbele ya kuwasha, juu maji mubaya ya ndani itarushwa yote mara moja juu ya samaki.

## Kazi ya kila juma

Tosha litri 30 mu beseni, kamua sponji moja mule, mara tatu ao ine, irudishe. Juma yenye inafuata, ile ya pili. Zote mbili siku moja hapana, na maji ya robine hapana. Jaza na maji yako yenye imekaa saa 24, digri ikikaribiana.

Kila miezi miwili fungua pompi, safisha ile helisi na buroshi ya meno.

Maji ya beseni itakuwa kahawa na nzito. Mwaga mu mulongo wa lengalenga, pole pole pa mizizi, utaona majani yake juma mbili mbele.